Kifuniko cha Tangi la Ajuza

Ajuza alizima palepale alipozoea kuzimia, baada ya kiwanda cha mbao, barabara inapoanza kupanda mlima wa shule. Kwanza alipunguza nguvu. Shemeji akakanyaga mafuta, gari halisikii. Akarudisha gia, likajivuta kidogo, likatetemeka, likanyamaza kabisa. Nyuma yao trei za mikate ziliteleza zikagonga mlango.

"Limezima," alisema Shemeji, akivuta breki ya mkono.

"Nimeona. Mimi si kipofu," alijibu mwoka mikate kando yake.

Mwoka mikate alishuka, akazunguka nyuma kushika mlango usifunguke, maana kitasa chake kilikuwa hakiaminiki. Kina mama waliokuwa wakipanda kwa miguu na vikapu vyao waliwapita polepole, wakijionea sinema ya bure. Mmoja wao, mteja wake wa siku zote, alicheka mpaka akashika kiuno. "Leo tena, baba? Mpikie uji huyo bibi kwanza ndiyo umpandishe mlima!" Mwoka mikate naye akacheka, akaonyesha meno yote, na shingo yake ikawa ya moto kwa aibu.

Ajuza lilikuwa jina la gari, la dizeli, refu, la miaka mingi, viti vya nyuma vimeng'olewa ili trei ziingie. Shemeji alikuwa mdogo wa mke wa mwoka mikate. Jina alikuwa nalo, lakini kwa kuwa mwoka mikate alimwita shemeji kutwa nzima kupitia dirisha la kuuzia mikate, wateja nao wakadaka, na sasa hata watoto wa jirani walimwita Shemeji. Yeye ndiye aliyeendesha, aliyepakia, aliyeshusha, na aliyejua mwenye duka gani anataka mkate uliobabuka kidogo.

"Si injini, shemeji," alisema akiwa ameinama chini ya boneti. "Ingekuwa injini isingewaka tena. Hili tukiliacha lipumzike, linawaka vizuri tu. Mimi naona ni kama linakosa mafuta."

Mwoka mikate alimtazama. Maneno hayo hakuyapenda, hasa yakitoka kwenye mdomo ule.

Kweli walipokaa kidogo Ajuza akawaka, akakohoa moshi mweusi, akapanda. Jikoni kwa shule mpishi mkuu alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, na nyuma yake masufuria ya chai yalikuwa yameshaoshwa.

"Wameshakunywa chai kavu," alisema, bila hata kujibu salamu. "Mimi ndiye niliyesimama mbele yao, si wewe. Sikiliza, bwana. Mkate wako mtamu, sikatai. Lakini mkate mtamu unaofika saa ya hisabati haunisaidii. Ukinichelewesha tena nitatafuta tanuri lingine."

Oda ya shule ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa nyumba ile. Mikate ya madukani ilileta pesa ya kununulia unga tu, ya shule ndiyo iliyowalisha na kuwavisha. Mwoka mikate alijibu "Sawa, mama" mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na Shemeji, aliyekuwa akishusha trei, akajifanya hasikii ili kumsitiri. Kusitiriwa kule kulimuudhi zaidi.

Kesho yake mwoka mikate alilipeleka gari gereji peke yake. Lakini kabla ya kufika alilisimamisha nyuma ya ukuta wa kituo cha maji, akatazama kulia na kushoto, akafungua kijilango cha tangi.

Ndani, juu ya kifuniko, kulikuwa na kazi ya mikono yake. Kwanza mfuko wa nailoni uliokunjwa mara kadhaa. Juu ya nailoni, mkanda mpana wa mpira, alioukata kwenye mpira wa ndani wa tairi kuukuu, ukavutwa na kuzungushwa kwenye shingo ya tangi mpaka ukaganda. Mwisho, fundo. Fundo lile alijifunza kwa baba yake, wa kufunga magunia, na hakuna mtu mwingine aliyelijua. Kifuniko kilikuwa hakina kufuli, na mwoka mikate alikuwa ameanza kuona mshale wa mafuta ukishuka haraka kuliko zamani. Hakukumbuka kwamba zamani hawakuwa wakipanda mlima wa shule. Alijiuliza ni nani anayekaa na gari mchana. Basi akafunga, na kila jioni akawa anachungulia fundo. Mafuta pia akawa ananunua mwenyewe. Mkewe alipouliza kuhusu mpira ule, alimjibu kuwa ni wa kuzuia vumbi.

Sasa, nyuma ya ukuta, alilifungua. Aliona haya fundi asije akauona mkanda ule akaelewa kwamba mtu mzima anaificha dizeli shemeji yake asiiguse. Alivuta, akafungua, akaficha vyote chini ya kiti. Kelele za malori zilikuwa nyingi na kichwa chake kilikuwa kwenye aibu yake, kwa hiyo hakusikia kitu. Kutoka pale hadi gereji Ajuza alikimbia vizuri.

"Si unaona?" alisema fundi alipokwisha kulisikiliza. "Gari kama mtoto. Ukimfikisha hospitali, homa imeshuka."

Fundi alikuwa mtu wa maneno mengi na haraka nyingi, na foleni ya magari ilikuwa imefika barabarani. Alibadilisha chujio la mafuta. Akachomoa bomba linaloleta dizeli kutoka tangini, akalitumbukiza bomba jingine kwenye galoni safi, akampakatisha mwoka mikate lile galoni mapajani, wakaenda wakarudi, wakapanda na kilima cha nyuma ya gereji. Ajuza hakukohoa hata mara moja.

"Haya. Injini nzima. Pampu nzima. Likinywa kwenye galoni halina shida, maana yake shida iko tangini huko." Akachota dizeli ya tangi kwenye chupa, akaiinua juani, akaitikisa. "Mimi naona safi. Lakini macho yana mwisho wake. Pengine kuna maji, pengine mafuta ya taa. Unanunua wapi?"

"Kituo kilekile siku zote."

"Basi ni nani anayeshika mafuta ya gari hili?"

Fundi aliuliza tu, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, na alishageukia gari jingine kabla hajajibiwa. Lakini mwoka mikate alikuwa akitafuta mchawi kwa muda mrefu, na sasa akaona ameonyeshwa mlango. Shemeji anafyonza mafuta, anaongeza maji ili mshale usishuke. Na fundo? Fundo amelijua, kijana yule ana macho. Njiani alisimama tena nyuma ya ukuta uleule, akafunga nailoni na mpira, akavuta kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo.

Asubuhi iliyofuata Shemeji alikwenda peke yake, na mikate ya shule ikarudi yote kama ilivyotoka.

Aliingia akiwa ameloa jasho, ameshika funguo. Dirishani kulikuwa na wateja wamejipanga. Mkewe mwoka mikate alikuwa ndani anakanda, mikono imejaa unga hadi viwiko.

"Limezima mara mbili, shemeji. Mpishi amekataa kupokea. Amesema kesho mara ya mwisho."

"Umetia nini?"

"Wapi?"

"Tangini. Usinitazame hivyo. Fundi ameshanieleza kila kitu. Umetia maji au umetia mafuta ya taa? Na dizeli yangu unamuuzia nani?"

Dirishani watu walisogea karibu. Mtu mmoja aliyekuwa ameshapokea mkate wake na chenji hakuondoka.

"Shemeji," alisema yule kijana taratibu, "mimi nimekuibia?"

"Mwizi akiulizwa, anauliza."

Mkewe aliacha unga. "Baba watoto! Mbele za watu? Huyu nimemlea mimi, nimembeba mgongoni mimi. Hajawahi kuchukua hata kipande cha mkate bila kuuliza!"

"Ndiyo maana hujui anachukua nini."

Shemeji alimtazama dada yake, kisha dirisha, kisha mikate iliyorudi. Hakupaza sauti, na mwoka mikate alitamani angepaza. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaweka funguo juu yake, akaingia chumbani akatoka na begi. Dada yake alimfuata hadi barabarani, mikono yake ikiacha unga kwenye shati la kijana.

"Aliyebaki dirishani anataka nini?" alifoka mwoka mikate. Yule mtu wa chenji akaondoka.

Siku ya pili mwoka mikate aliendesha mwenyewe, mapema zaidi, kabla jua halijachomoza vizuri. Alipopita kiwanda cha mbao alishusha pumzi. Alipoanza mlima, Ajuza naye akaanza. Nguvu zikapungua, mguu ukakanyaga bure, likatetemeka, likazima.

Alipiga usukani ngumi. Alijiambia ni uchafu wa yule kijana, bado umo tangini. Akashuka na chupa, achote mafuta, aone hayo maji kwa macho yake. Barabara ilikuwa tupu, hakuna lori wala mtu. Alifungua kijilango, akaona jambo lililomfanya asimame. Nailoni ilikuwa imenywea, imevutwa ndani kwenye kila kijishimo, imebana kama ngozi. Alifungua fundo, akavuta mpira, akalegeza kifuniko.

Tangi likavuta pumzi. Sauti ilikuwa nyembamba na ndefu, *fyuuuuu*, hewa ikiingia na kuendelea kuingia, mpaka akaanza kuionea haya kana kwamba kuna watu wanaosikiliza. Ilipokwisha alipanda, akapiga stata bila kungoja. Ajuza akawaka mara moja, akapanda mlima na trei zake zote bila kunung'unika.

Alifikisha mikate mapema. Wakati wa kurudi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Aliufunga tena mpira kwa nguvu zilezile, akazunguka barabara ya kiwanda mpaka gari likaishiwa nguvu na kuzima. Akafungua. *Fyuuuuu*. Alikaa pembeni ya barabara, mkanda mkononi. Si mtu wa kuelezwa mara mbili: tangi linanyonywa mafuta, na mahali pa mafuta yaliyotoka lazima hewa iingie, na hewa ilikuwa na njia moja, ya kifuniko, naye ndiye aliyeiziba. Hakuna aliyeiba wala aliyetia maji. Alikuwa amefunga mlango kwa sababu ya mwizi ambaye hakuwapo, na mlango uleule ndio uliomzalishia ushahidi.

Hata fundi hakuona, kwa sababu yeye mwenyewe alificha.

Alinuia kumwambia mkewe. Alinuia kwa dhati, akafanyia na mazoezi njiani, akitikisa kichwa peke yake. Alipofika, mkewe alikuwa amevimba macho, na alimwekea chai. Mwoka mikate akainywa. Akajisemea kesho. Mkanda akaurudisha chini ya kiti, safari hii bila kuufunga tena popote.

Ajuza akapona. Alipanda mlima kila asubuhi, na mpishi mkuu akaanza tena kuitikia salamu. "Umefanya nini?" aliuliza siku moja, akiugonga mkate kwa kidole asikie ulivyoiva. "Umebadilisha dereva, eeh? Nilijua tu." Mwoka mikate alisema "Eeh," na akajichukia mpaka geti la shule.

Jambo ambalo hakulitarajia lilikuwa la mkewe. Siku za kwanza alimtetea mdogo wake kwa kila sahani aliyoigonga mezani. Kisha akapunguza. Kisha akawa anatazama gari likirudi mapema, zima, tupu, na anabaki mlangoni akifikiri. Jioni moja, wakichekecha unga, alisema bila kuinua uso:

"Tangu ameondoka halijazima hata mara moja."

Mwoka mikate aliendelea kuchekecha.

"Nilikukasirikia bure, mume wangu. Nilikuona mbaya. Kumbe wewe uliona, mimi nilifumbwa macho na damu." Alijifuta pua kwa mkono wa nguo. "Nisamehe."

Hapo ndipo pa kusema. "Yaache, mama watoto," alisema. "Yamepita." Na mkewe akamtazama kwa upole, kama mwanamke aliyepata mume muungwana, na upole ule ulimchoma kuliko kuzabwa kibao.

Mkewe alichukua simu palepale. Mwoka mikate alikaa na kikombe chake cha chai akasikiliza upande mmoja wa maneno. "Umeniaibisha. Ndiyo, wewe. Gari limepona, unasemaje? Usinikatize! Mama yetu hakutulea hivyo. Ukitaka niitwe dada yako njoo umwombe radhi mtu huyu, la sivyo namba hii isahau." Alikata simu akaitupa juu ya meza. Mumewe alisema chai imepoa.

Shemeji alikuja siku ya mapumziko, mchana. Alikuwa amekonda. Vumbi la saruji lilikuwa limemwingia kwenye mikunjo ya vidole na kwenye kope, maana alipata kibarua cha kubeba mifuko kwenye bohari. Hakukaa alipoonyeshwa kiti.

"Shemeji," alisema, "nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi?" Swali lilimtoka mwoka mikate kabla hajalizuia.

Kijana alimtazama dada yake, akainamisha macho. "Kwa mafuta. Ni kweli niliyachukua. Nilikuwa nauza."

Dada mtu alifunika uso kwa viganja. Alikuwa ameamini, lakini kusikia ni kitu kingine.

Mwoka mikate aliinuka kitini. Kijana yule alikuwa amesimama mbele yake anajivika uchafu usio wake, kwa sababu dada yake alikuwa mmoja tu duniani na hiyo ndiyo bei aliyotajiwa. "Uliuza wapi?" aliuliza mwoka mikate.

"Huko... huko chini. Kwa watu."

"Watu gani?"

Uongo aliokuja nao Shemeji ulikuwa mfupi, haukufika huko. Jasho lilimtoka usoni likachora njia kwenye vumbi la saruji. Dada yake akaondoa viganja taratibu, akamtazama mdogo wake, kisha mumewe.

"Twendeni kwenye gari," alisema mwoka mikate.

"Gari la nini tena? Mtoto anaomba radhi!"

"Nakuombeni. Twendeni tu."

Uani alitoa kile kifurushi chini ya kiti. Alikunja nailoni mbele yao, akaweka juu ya kifuniko, akavuta mkanda, akazungusha, akafunga lile fundo la magunia. Mkewe alikaa nyuma kwenye kibao kando ya trei tupu, Shemeji akakaa mbele. Wakapita maduka, wakapita kiwanda cha mbao. Mlima ulipoanza, Shemeji alikuwa wa kwanza kujua. Mwoka mikate aliuona mguu wake wa kulia ukikanyaga sakafu, kama bado anaendesha yeye.

Nguvu zikapungua. Likatetemeka. Likazima.

"Nenda kafungue kifuniko," alisema mwoka mikate bila kugeuka.

Shemeji alishuka. Alihangaika na fundo, hakuliweza, mwisho akauchana mpira kwa meno. Akalegeza kifuniko. *Fyuuuuu*. Ndani ya gari ilisikika vizuri, maana tangi lilikuwa karibu na aliyekaa nyuma. Ilipokwisha, mwoka mikate alipiga stata na Ajuza akanguruma, tayari. Akaizima tena injini ili asikike.

"Ni mimi," alisema. "Nilifunga ili asiibe. Hakuiba. Hakutia kitu. Gari lilikuwa linakosa hewa."

Mkewe hakulia. Alikuwa akipanga mambo kichwani, na alipomaliza kuyapanga aliuliza swali alilokuwa akiliogopa mumewe tangu nyumbani.

"Umejua lini?"

Angeweza kusema leo. Angeweza kusema jana.

"Alipoondoka. Kesho yake asubuhi."

"Kesho yake." Alirudia taratibu. "Kwa hiyo nilipokuomba msamaha ulijua."

"Nilijua."

"Na nilipokuwa namtukana mdogo wangu kwenye simu, wewe umekaa pale."

"Nilikuwa nimekaa."

"Unakunywa chai."

Mwoka mikate aliinamisha macho kwenye usukani.

Shemeji alirudi mlangoni ameshika kipande cha mpira kilichochanika. Alikuwa amesikia yote. Dada yake alitaka kumtazama akashindwa, macho yakaishia kifuani, kwenye shati lililochakaa begani kwa mifuko. "Mimi nilikuamini kuwa mwizi," alimwambia. "Mimi. Nilisema mama hakutulea hivyo."

"Liwasheni twende, dada," alisema kijana. "Uliacha unga umeumuka."

Mwoka mikate alishuka haraka, akazunguka, akamnyooshea funguo kwa mikono miwili kama mtu anayetoa kitu kwa mkubwa wake. "Endesha wewe, shemeji. Tafadhali. Kazi ni yako, chumba ni chako, kesho dirishani nitasema mbele ya wote, hata yule wa chenji nitamtafuta."

Shemeji aliziangalia zile funguo. Hakuzikataa kwa maneno wala hakuzipokea. Aliufungua mlango wa nyuma wenye kitasa kibovu, akaingia, akakaa kwenye kibao kando ya dada yake, akaushikilia mlango kwa ndani usifunguke.

Kiti cha mbele kikabaki kitupu. Mwoka mikate alirudi kwenye usukani, akawasha, akatafuta pa kugeuzia. Kwenye kioo aliwaona wale wawili wamekaa bega kwa bega kati ya trei, na hakuna aliyetazama mbele. Njia ya nyumbani ilikuwa fupi kuliko siku zote. Aliendesha akisikiliza injini, akiomba ipungue nguvu hata kidogo, izime hata mara moja, ili ashuke afungue boneti ajifiche nyuma yake. Ajuza hakuzima.